Muuaji Mwenye Swahiba Polisi

Mwaka 1947, Marekani ikiwa bado inawashangilia askari wake waliorudi kutoka vitani, Dorothy B. Hughes alitoa riwaya iliyomfanya mmoja wa mashujaa hao kuwa mnyongaji wa wanawake. Inaitwa In a Lonely Place. Dix Steele, aliyekuwa rubani wa kivita, huzurura usiku kwenye ukungu wa Los Angeles na kuwafuata wanawake wanaoshuka basi peke yao. Anakaa katika nyumba ya Mel Terriss, anavaa nguo za Mel, anaendesha gari la Mel. Akiulizwa, mwenyewe kaenda Rio. Hela anatumiwa na mjomba wake, naye anajidai anaandika riwaya ya upelelezi. Siku moja anamtafuta swahiba wake wa vitani, Brub Nicolai. Kumbe Brub sasa ni mpelelezi wa polisi, na anayemsaka ni muuaji huyohuyo.

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tumezoea kukaa upande wa mpelelezi. Hughes anatutia kichwani mwa mnyongaji, tena bila kutuonyesha unyongaji wenyewe. Sura inakatika; katika inayofuata, magazeti yana habari ya maiti. Msimulizi hasemi “mimi”, lakini hatuoni ila anachokiona Dix, na Dix anajiona mjanja kuliko wote. Anachoshindwa kukiona ni namna wanawake wanavyomtazama. Sylvia, mke wa Brub, ni mpole na mkarimu kwake, lakini hasogei karibu. Laurel Gray, jirani wa Dix, naye ana macho. Katika riwaya nyingi za noir za wakati ule mwanamke alikuwa ama mtego ama maiti; humu ndiye anayemsoma mwanamume. Kwangu mimi, ukimya wa Sylvia unatisha kuliko ukungu wote ule.

Filamu ya Nicholas Ray ya mwaka 1950, akiwamo Humphrey Bogart, ilimgeuza Dix kuwa mwandishi wa Hollywood anayeshukiwa bure. Ni filamu nzuri sana, ila inampa msamaha ambao Hughes alimnyima, na kwa miaka mingi ndiyo iliyojulikana kuliko kitabu.

Hughes, mzaliwa wa Kansas City, alianza kama mshairi, na sentensi zake fupi zinamfichua. Baada ya The Expendable Man ya 1963 hakutoa riwaya nyingine, ingawa aliendelea kuhakiki za wenzake. Alifariki mwaka 1993. Miaka kumi baadaye Feminist Press ya New York iliirudisha In a Lonely Place madukani.