Naitiri: karatasi za Bungoma, maisha ya Kitale

Muulize kijana wa Naitiri aliye Nairobi kwao ni wapi. Wengi ninaowajua watakujibu "Kitale" hata kabla umalize swali. Halafu mwambie atoe kitambulisho. Bungoma. Na huyo msee hajakudanganya. Nguo za Krismasi zilinunuliwa Kitale, jino liling'olewa Kitale, basi la kuja Nairobi alilipandia Kitale. Bungoma mjini amefika labda mara mbili, na zote alikuwa anafuata karatasi.

Video nyingi tunazotengeneza kuhusu kaunti zinafanana. Namba ya kaunti, gavana, idadi ya watu, mlima, chakula, imeisha. Wacha nimalize hiyo sehemu haraka. Bungoma ni kaunti namba 39, watu 1,670,570 kwa sensa ya 2019, maeneo bunge tisa, Mlima Elgon juu, miwa chini. Trans Nzoia ni namba 26, watu 990,341, maeneo bunge matano, mahindi kila mahali. Haya, umejua. Lakini bado hujui ni kwa nini mtu anayeishi karibu na Kitale kuliko Bungoma mjini anaitwa mtu wa Bungoma. Hiyo hadithi ni ndefu kidogo, na inaanza na watu ambao hawakuwahi kutuuliza.

Anza na jina lenyewe. "Trans" ni neno la Kilatini, maana yake ng'ambo. Trans Nzoia, ng'ambo ya mto Nzoia. Sasa jiulize: ng'ambo kwa nani? Kwa mtu aliyesimama upande wa Uasin Gishu akiangalia magharibi, akitafuta shamba. Mzee wa Kibukusu au wa Kisabaot aliyekuwa anachunga ng'ombe hapa hakuishi ng'ambo ya kitu chochote. Aliishi nyumbani. Lakini jina lililobaki kwenye ramani ni la yule aliyekuwa anakuja.

Mwaka 1895 Waingereza waliwapiga Wabukusu kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, bunduki dhidi ya mikuki. Hiyo vita haikuwa kubwa kwa vitabu vya Uingereza. Kwetu ilifungua mlango. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Kiingereza waliomaliza vita wakagawiwa mashamba huku. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na Kitale ikawa mji wa walowezi, na klabu yake na vyama vyake vya wakulima. Ukitaka ushahidi usiende maktaba, panda boda tu. Kuna soko huku linaitwa Brigadier. Cheo cha jeshi la Waingereza, hadi leo tunauzia hapo nyanya. Moi's Bridge nayo iliitwa Hoey's Bridge, jina la mzungu mmoja. Daraja likabadilisha mwenyewe, jina la Kiingereza likabaki palepale katikati.

Hapa ndipo mpaka wetu ulizaliwa. Wakoloni walichora mstari kati ya "hifadhi" ya Waafrika na Nyanda za Juu za wazungu. Upande mmoja North Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa North Nyanza, kisha mwaka 1956 ikakatwa Elgon Nyanza, ambayo ndiyo mama wa Bungoma ya leo. Upande wa pili Trans Nzoia. Mwafrika aliyevuka huo mstari alivuka kama mfanyakazi, akiwa na kipande, akipewa kapande ka kulima mradi amfanyie mzungu kazi. Shika hii: Naitiri ilikuwa upande wa wazungu. Wengi wanadhani Naitiri imekuwa Bungoma tangu Mungu aumbe mahindi. Hapana. Ilikuwa shamba la mtu.

Sasa uhuru unakaribia. Mwaka 1962 kunaundwa Tume ya Mipaka ya Majimbo, mwenyekiti wake Sir Stafford Foster-Sutton. Kazi yao: kuzunguka nchi, kusikiliza watu, kisha kusema jimbo gani linaanzia wapi. Na swali moja gumu lilikuwa Kitale. Waluhya, Masinde Muliro akiwa mstari wa mbele, walitaka Kitale iwe jimbo la Magharibi. Wakalenjin wakasema ni Bonde la Ufa. Kichekesho, kama unaweza kukiita hivyo, ni kwamba Muliro na Daniel arap Moi walikuwa chama kimoja, KADU, chama cha majimbo. Waliimba majimbo pamoja hadi walipofika Kitale, hapo wimbo ukawa na sauti mbili.

Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Lakini ukanda wa mashamba ya kusini, ambako Waluhya walikuwa wanapewa makazi, mwishowe ukawa Magharibi. Naitiri, Ndalu, Tongaren, Kabuyefwe: Bungoma. Lugari na Likuyani: Kakamega. Kiminini, ambayo ni majirani tu: Trans Nzoia. Ndiyo maana ukiangalia ramani, sehemu ya Tongaren inaonekana kama mkono uliotumwa dukani halafu haukurudi.

Nataka nikae kidogo kwenye hayo makazi, kwa sababu huwa tunaambiwa "serikali ilitupa mashamba". Kutupa? Ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962 ulikuwa biashara. Serikali ilikopa, pesa nyingi kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Pesa hiyo ikamlipa mlowezi aondoke. Halafu shamba likakatwa vipande, na kuka wako akapewa kipande chake pamoja na deni la kulipa kwa miaka 30. Yaani pesa ilitoka Uingereza, ikapita mikononi mwa mzungu wa Kitale, ikarudi Uingereza, na deni likabaki Naitiri. Chetambe ilichukua bure, 1962 ikauza kwa mkopo. Mimi hesabu sikuwahi kuipenda lakini hii naielewa.

Waliokuja hawakuwa watu wa kijiji kimoja. Wabukusu kutoka Kimilili na kule chini, Watachoni, Wamaragoli waliokimbia ufinyu wa ardhi kwao. Wengine walikuwa tayari hapa kama wafanyakazi wa wazungu, na si wote walibahatika kupata kipande, na hilo lilibaki kidonda. Kwa hiyo Naitiri ni mji wa wageni wote. Ocha yetu ni changa kuliko Nairobi. Bado kuna bibi zetu wanaoukumbuka mwaka waliofika, lori liliwashusha wapi, na nani alikuwa jirani wa kwanza kuwapa moto.

Na maisha waliyoanza yalitoka Kitale. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa Kitale 1956 kwa ajili ya nyasi za ng'ombe za walowezi. Watafiti wa hapo hapo Kitale wakavusha mahindi ya huku na mahindi ya Ecuador, ikatoka H611 mwaka 1964. Angalia tarehe. Wakati familia zinashuka kwenye lori, mbegu mpya inatoka kiwandani kilomita chache tu kutoka shambani. Ndiyo ilisomesha wazazi wetu. Mtu wa Naitiri anajua namba za mahindi kama vile wewe unajua namba za matatu: 614, 629, 6213, hii ya mvua nyingi, hii inakawia lakini inajaza. Kaunti inasema Bungoma, lakini gunia, mbegu, fundi wa trekta na mnunuzi vyote viko Kitale.

Tatizo ni kwamba mkopo uliisha lakini watoto hawakuisha. Tuseme kuka alipata ekari 15 na akazaa wavulana watano. Ekari tatu kila mmoja. Kila mmoja akazaa watatu. Ekari moja. Sisi ndio wa ekari moja, na hapo sijahesabu wasichana, ambao katiba inasema wanarithi sawa na wazee wanasema tutaongea kesho. Hiyo ndiyo sababu nusu ya darasa letu iko Nairobi, si kwa sababu ya taa za mji.

Halafu 2010 inakuja katiba mpya, na Machi 2013 kaunti 47 zinaanza kazi. Watu wanasema kaunti ni kitu kipya. Mipaka yake ni ile ya wilaya za sheria ya 1992, na wilaya nyingi zilifuata mistari ya zamani. Kwa Naitiri, mwaka huo tulipata eneo bunge letu pia, Tongaren, lililokatwa kutoka Kimilili. Tukashangilia. Lakini mstari wa Foster-Sutton sasa ukawa na bajeti. Kabla ya hapo, mpaka wa mkoa ulikuwa jambo la maafisa tu. Sasa unaamua nani anatengeneza barabara ya soko, chekechea iko chini ya nani, dawa ya kituo cha afya inatoka wapi, na nani yuko kwenye orodha ya basari.

Ya basari naijua vizuri. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha mwaka wa pili, ofisi moja iliniambia mimi si wao kwa sababu ninasomea na kuishi upande ule. Ofisi nyingine ikaniambia nilete barua ya chifu wa upande huu, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa kesho yake. Sitaji ofisi, na karo haikuwa sababu pekee ya kuacha. Lakini nilikuwa mtu wa kaunti mbili siku ya kupiga kura ya mdomo, na mtu wa kaunti sifuri siku ya karo.

Kuna watu wanasikia hii na kusema, basi tubadilishe mpaka. Polepole. Kwanza sheria: kifungu cha 188 cha katiba kinataka tume huru, theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya kaunti kwenye Seneti. Si kazi ya mkutano wa jioni. Pili, damu. Mwaka 1991 na 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, wanasiasa walianza kusema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na watu wakachomewa nyumba Trans Nzoia na Bungoma. Kuanzia 2006 hadi 2008 Mlima Elgon uliungua kwa sababu ya skimu ya Chebyuk, tena swali lilelile la nani apewe kipande na nani aachwe. Waliotushusha kwenye lori walituachia hati za ardhi na pia swali hili. Mtu akianza kukwambia "hapa si kwao", muulize babu yake alishushwa mwaka gani.

Waliotuletea hili neno wenyewe hawajatulia nalo. Kaunti ni mambo ya Uingereza ya karne nyingi. Kuna kaunti moja ndogo inaitwa Rutland. Mwaka 1974 serikali ya London iliifuta, ikaiweka ndani ya Leicestershire. Watu wakanung'unika miaka zaidi ya 20, na 1997 ikarudishwa. Sehemu inayoitwa Saddleworth ilitolewa Yorkshire mwaka huohuo wa 1974 ikapelekwa Greater Manchester, na hadi leo kuna watu huko wanaosherehekea siku ya Yorkshire kila tarehe 1 Agosti. Tofauti ni kwamba wao wanabishania bendera na jina. Hospitali haiwaulizi.

Mimi naona mstari ubaki, ila usitugharimu. Kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti kushirikiana, hata kuunda kamati za pamoja. Bungoma na Trans Nzoia tayari wanakaa meza moja kwenye muungano wa kaunti za Ziwa. Si wazungumze kuhusu mgonjwa wa Naitiri anayekimbizwa Kitale usiku? Au mwanafunzi anayelala upande mmoja na kusoma upande mwingine? Hilo halihitaji theluthi mbili ya mtu yeyote.

Maana watu wenyewe walishavuka zamani. Michael Kijana Wamalwa alizaliwa upande wa Kimilili, Bungoma, akawa mbunge wa Saboti, Trans Nzoia, hadi akawa makamu wa rais 2003. Hakuna aliyemwambia arudi kwao. Na Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu anayeenda kutahiriwa anakimbia na njuga zake, zile chinyimba, hadi kwa khocha, mjomba wake wa kwa mama, akachinjiwe ng'ombe na kuvishwa nyama kifuani. Kama khocha anaishi Kiminini, atakimbia hadi Kiminini. Msafara mzima unapita kutoka kaunti 39 hadi 26 ukiimba, na mahali hasa mstari ulipo hakuna anayepajua.

Kama nyumbani kwenu bado kuna zile karatasi za mkopo wa skimu, zile za rangi ya chai zilizofungwa na uzi, zipige picha wiki hii. Nitumie tarehe na jina la shamba la mzungu, majina ya watu yafiche. Nataka kuchora ramani ya Naitiri kwa majina ya mashamba ya zamani kabla kukhu zetu hawajaondoka nayo. Brigadier tayari ninalo.