Hambaka zenye nguvu kubwa

Hambaka ni kinasa sauti cha gitaa la umeme chenye koili mbili. Koili hizo hupishana mwelekeo na ncha za sumaku, hivyo mvumo wa umeme wa nyumbani hufutika huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni katika miaka ya 1950.

Hambaka yenye nguvu kubwa huongezewa mizunguko ya waya, au hupewa sumaku kali zaidi, ili isukume amplifaya mpaka sauti ikwaruze. Ya kwanza kupata umaarufu ni DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972, yenye sumaku ya kauri: sauti nene, yenye kishindo. Seymour Duncan JB hutumia sumaku ya alniko 5. Nyuzi nyembamba hulia juu yake kwa ukali unaokaribia wa mwimbaji, na kwa mpiga solo hiyo ni neema.

Ili kuonyesha nguvu, wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili, kama kiloomu 16 hivi kwa JB. Kipimo hicho peke yake hupotosha, kwa kuwa waya mwembamba huongeza ukinzani hata mizunguko ikibaki ileile.

EMG 81, aliyoitumia James Hetfield wa Metallica, ina njia yake: koili ndogo na kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Mlio wake ni mkavu na wa haraka, unaofaa midundo ya muziki wa metali.

Nguvu hiyo ina gharama: sauti safi hupoteza wepesi wake, na mguso laini wa kidole husikika kidogo tu.