Polisi wa Zimamoto wa Kujitolea na Changamoto Wanazokabiliana Nazo Barabarani

Moto au ajali inapotokea, macho ya wengi huelekea kwa askari wanaozima moto na kuokoa majeruhi. Hata hivyo, usalama wa askari hao hutegemea pia mtu anayesimama mbali kidogo na tukio, akiongoza magari na kuwazuia watu wasisogee.

Katika baadhi ya majimbo ya mashariki mwa Marekani, yakiwemo Pennsylvania, New Jersey na New York, kazi hiyo hufanywa na polisi wa zimamoto. Hawa ni wanachama wa vikosi vya zimamoto vya kujitolea, utaratibu wenye historia ndefu nchini humo: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha aina hiyo mjini Philadelphia mwaka 1736.

Mamlaka yao

Katika jimbo la Pennsylvania, polisi wa zimamoto huapishwa kabla ya kuanza kazi na hutakiwa kuvaa beji inayoonekana. Sheria inawaruhusu kuongoza magari, kudhibiti umati na kuzuia jambo lolote linaloweza kukwamisha kazi ya zimamoto. Askari polisi wa kawaida akiwepo katika eneo la tukio, wao huwa chini ya maelekezo yake.

Changamoto

Changamoto kubwa ni madereva wasiopunguza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde tatu tu, huwa amepita mita 75 bila kuona kilichopo mbele yake. Usiku, wakati wa mvua au penye kona, anayeongoza magari hana kinga zaidi ya kizibao kinachoakisi mwanga, taa ya mkononi na koni za barabarani.

Changamoto ya pili ni kutotambuliwa. Baadhi ya madereva humwona kuwa raia asiye na mamlaka, hivyo humbishia au kupita kwa nguvu mahali palipofungwa. Wengi wao hufika kwenye tukio kwa magari yao binafsi. Taa za bluu zinazowekwa kwenye magari hayo huomba tu kupishwa. Hazimpi mhusika haki ya kuvunja sheria za barabarani.

Changamoto ya tatu ni upungufu wa watu. Ripoti iliyowasilishwa kwa Bunge la Pennsylvania mwaka 2018 ilikadiria kuwa wazimamoto wa kujitolea wamepungua kutoka takribani 300,000 katika miaka ya 1970 hadi takribani 38,000. Aidha, wengi wa polisi wa zimamoto ni wanachama wa umri mkubwa ambao hawaingii tena ndani ya majengo yanayowaka, lakini hulazimika kusimama barabarani kwa saa nyingi.

Katika kukabiliana na hatari hizo, tangu Aprili 2021 sheria ya jimbo hilo inamtaka dereva anayekaribia eneo la dharura kuhamia njia ya mbali. Asipoweza, anapaswa kupunguza mwendo kwa angalau maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, chini ya kiwango kilichowekwa. Faini ya kosa la kwanza ni dola 500.

Wajibu wa mwananchi

Umuhimu wa kulinda eneo la tukio unafahamika pia nchini Tanzania. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, mkoani Morogoro, liliwaka moto wakati watu wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Wananchi wanakumbushwa kupunguza mwendo wanapokaribia eneo la ajali, kupisha magari ya dharura, kukaa mbali na tukio na kutii maelekezo ya wanaoongoza magari. Taarifa za moto na uokoaji zitolewe mapema kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.