Mdudu Aliyepanda Mgongo wa Kaa

Mtu atokaye Kisesa akashuka hadi ufuko wa Ghuba ya Speke, siku chache baada ya mwezi kuandama, huenda akaona juu ya maji kitu mfano wa moshi wa shamba linalochomwa. Moshi huo hauna moto. Ni wadudu wadogo mno, maelfu kwa maelfu, ambao utoto wao wote huupitisha ndani ya maji na katika matope ya ziwa, kisha hutoka pamoja na kuruka. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu huingia machoni, huanguka chakulani, hujaa katika taa. Mgeni husema, "Mbu wamekuja," akafunga madirisha. Lakini hawa si mbu, wala hawaumi. Wamefanana na mbu kwa umbo tu.

Je, kuna faida gani kujua tofauti hiyo? Katika makala haya nitajaribu kujibu swali hilo kwa njia ya historia. Nitaeleza jinsi elimu ya kutambua wadudu wa maji ilivyoingia katika nchi zinazolizunguka ziwa letu kwa mlango wa mchezo, na jinsi ilivyokuja kuokoa macho ya watu ambao hawakupata kuucheza mchezo huo hata siku moja.

Mchezo wenyewe ni uvuvi wa samaki aitwaye trauti. Samaki huyu hupenda maji baridi yaendayo kasi, na chakula chake kikubwa ni wadudu wa mtoni. Kwa hiyo wavuvi wa Uingereza, badala ya kutia mnyoo katika ndoana, waliifunga ndoana kwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Ikawa lazima mvuvi ajue ni mdudu gani anayetoka majini siku ile, kwani trauti huweza kukataa chambo kizuri kisichofanana na chakula anachokila saa ile. Mwaka 1836 Alfred Ronalds alitoa kitabu chenye picha na majina ya wadudu hao, baada ya kuwachungulia samaki kutoka katika kibanda alichokijenga kando ya Mto Blythe. Tangu hapo mvuvi hodari alihesabiwa kuwa nusu yake ni mtaalamu wa wadudu.

Trauti hakuwa samaki wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Uskoti, na samaki wake wakatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua, Kenya. Baadaye wakaenezwa katika mito mingine ya milimani. Ulikuwa mchezo wa walowezi, nao wenyeji hawakuwa na sehemu kubwa ndani yake ila kubeba mizigo. Hata hivyo samaki akiletwa hana budi kula, na serikali ilitaka kujua anakula nini. Kazi hiyo aliifanya V. D. van Someren, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya trauti wa Kenya kilitoka mwaka 1952. Kazi ya namna hiyo humlazimu mtu kuyageuza mawe ya mtoni na kuvitambua viumbe vilivyoshikamana nayo, kimoja kimoja.

Sasa tuyaache maji ya milimani, tushuke upande wa ziwa. Katika mabonde ya Nyanza ulikuwako ugonjwa ambao sisi Tanzania huuita usubi. Huenezwa na inzi mdogo mweusi anayeuma. Inzi huyu humtia mtu mnyoo mdogo. Mnyoo ukizaa, watoto wake hutembea katika ngozi na kuleta mwasho usiokwisha, na wafikapo machoni huweza kumpofusha mtu kabisa. Inzi wa Nyanza alikwisha kupewa jina la kitaalamu na Roubaud tangu mwaka 1915, yaani *Simulium neavei*. Jina alikuwa nalo, lakini nyumba yake haikujulikana. Mabuu ya inzi wa jamaa hii hukaa katika maji yaendayo kasi, wakijishikiza kwenye mawe na majani. Basi wataalamu waliyapekua mawe na majani ya mito ile, wakawapata mabuu ya inzi wengine, lakini ya huyu hawakuwapata.

Mwaka 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walitia dawa ya DDT katika mto wa bonde la Kodera, Nyanza ya Kusini. Inzi walitoweka. Ushindi huo ulikuwa wa ajabu, maana adui alipigwa bila kuonekana alikojificha.

Jibu lilipatikana mwaka 1950. Van Someren, mtu wa trauti, pamoja na McMahon, mtu wa inzi, walitoa makala fupi yenye habari mbili. Ya kwanza ilimhusu mdudu wa mtoni ambaye akishapata mbawa huishi siku chache tu, ndiye mdudu ambaye wavuvi wa trauti humwiga kuliko wote. Tunutu wake, yaani mtoto wake asiye na mbawa, alionekana amebeba mwilini mabuu ya inzi weusi. Habari ya pili ndiyo iliyokuwa ikitafutwa miaka 35: mabuu ya *Simulium neavei* hukaa juu ya miili ya kaa wa mtoni. Watu walikuwa wameyageuza mawe, na inzi alikuwa amempanda kaa akaondoka naye.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa Kodera ilishindwa bila elimu hiyo, elimu hiyo ilikuwa na haja gani? Kodera lilikuwa bonde moja dogo. Nyanza ina mito na vijito vingi, na mtu asiyejua inzi amezaliwa wapi hawezi kujua kijito gani kina haja ya dawa, wala hawezi kuwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Baada ya mwaka 1950 aliweza kumvua kaa na kumtazama. Katika miaka ya 1950 mito ya Nyanza ilitiwa dawa, na mwaka 1958 McMahon na wenzake wakatoa taarifa ya kuangamizwa kwa inzi huyo nchini Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1967 uliwarudia watu wa mabonde hayo miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kutoweka, ukaonyesha kwamba minyoo iliyokuwa miilini mwao ilikuwa ikifa kwa uzee. Macho yaliyokwisha kupofuka hayakurudi, lakini watoto waliozaliwa nyuma hawakuambukizwa.

Haifai kuisimulia habari hii kama hadithi ya ushindi mtupu. Dawa ile haikuchagua. Ilimwua inzi mbaya pamoja na wadudu wengi wasio na kosa, ambao ni chakula cha samaki, na leo tunajua madhara ya DDT kuliko walivyojua watu wa wakati ule. Hilo nalo latuonyesha thamani ya kutofautisha: anayeona wadudu wote kuwa kitu kimoja atawapenda wote au atawaua wote.

Elimu ya namna hiyo ilifanywa katika ziwa lenyewe pia. Katika kituo cha uchunguzi wa samaki cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, wataalamu walipasua matumbo ya samaki ili kujua wamekula wadudu gani. W. W. Macdonald alieleza mwaka 1956 jinsi domodomo anavyojilisha kwa mabuu ya wadudu wa ule moshi wetu. R. Hartland-Rowe alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1955, kwamba mdudu mwingine wa ziwa, *Povilla adusta*, hutoka siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa siku ya pili. Hivyo kila mdudu alionekana ana saa yake, na samaki ana mdudu wake.

Turudi basi ufukoni. Yule anayesema "mbu" hakosi adabu, bali amekosa jina, na asiye na jina la kitu hana njia ya kukiulizia habari zake. Inzi wa Nyanza alipata jina mwaka 1915 na makao mwaka 1950, na katika miaka iliyokuwa katikati watu waliendelea kupofuka. Mwanafunzi wa Kisesa akiuona moshi ule tena, na amchukue mdudu mmoja katika kiganja, amtazame vema kabla ya kumpangusa.