Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Chama cha siasa kilichoundwa kuwatetea wanyonge hukabiliwa na hatari moja ya siri, nayo ni kujiona kuwa kimekwisha takasika. Mtu aliyetumia umri wake kupinga dhuluma huona taabu kuamini ya kwamba dhuluma yaweza kukaa katika maneno yake mwenyewe. Historia ya vyama vya wafanyakazi vya Ulaya inayo mifano mingi ya upofu huo, na mmoja ulio mchungu sana ni chuki dhidi ya Wayahudi.

Chuki hii mara nyingi haikuingia katika vyama hivyo kwa mlango wa ubaguzi wa wazi. Iliingia kwa mlango wa huruma. Katika karne ya 19, viwanda vilipowakusanya maskini mijini, wengi waliiona taabu yao bila ya kuiona sababu yake. Mambo ya mtaji, riba na mishahara ni magumu kueleweka, lakini uso wa mtu ni mwepesi kuchukiwa. Mwaka 1845 mwandishi Mfaransa Alphonse Toussenel, mfuasi wa mjamaa Charles Fourier, alitoa kitabu kilichowaita Wayahudi wafalme wa zama zile. Jina la ukoo mmoja wa wenye benki, Rothschild, likatumiwa kana kwamba ndilo jina la kila Myahudi, ilhali Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa washona nguo, washona viatu na wachuuzi waliohangaikia chakula cha siku. Hivyo maskini alifundishwa kumchukia maskini mwenziwe kwa kosa la tajiri. August Bebel, kiongozi wa wajamaa wa Ujerumani, alisimama kuipinga chuki hiyo mbele ya mkutano mkuu wa chama chake mjini Cologne mwaka 1893. Na miongoni mwa wajamaa wa Ujerumani na Austria ukaenea msemo ya kwamba huo ni ujamaa wa wapumbavu.

Mtihani mkubwa zaidi ulitokea Ufaransa. Desemba 1894 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi, kwa kosa la kuwapa Wajerumani siri za jeshi, naye akapelekwa kifungoni katika Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyana. Jean Jaurès, mbunge mjamaa na msemaji hodari kuliko wengi wa wakati wake, siku zile hakumtetea. Aliamini hukumu, tena akalalamika Bungeni ya kwamba askari wa kawaida huuawa kwa kosa dogo, na ofisa huyu ameachiwa uhai wake. Januari 1898, baada ya Émile Zola kuchapisha barua ya wazi iliyowashtaki wakubwa wa jeshi, wabunge wajamaa walitoa tangazo lao. Walisema huo ni ugomvi wa makundi mawili ya mabepari, na mfanyakazi asijitie ndani yake. Jaurès alikuwa mmoja wa waliotia sahihi.

Tangazo lile halikuwa ujinga mtupu. Majenerali walikuwa maadui wa wafanyakazi, na wengi waliomtetea Dreyfus walikuwa watu wenye mali. Lakini liliuliza swali lisilo mahali pake. Liliuliza ni nani atakayefaidika kwa ugomvi ule. Halikuuliza kama mtu aliyefungwa alikuwa na hatia au hana. Jaurès ndiye aliyegeuka na kuuliza swali la pili. Alizichunguza hati za mashtaka, na kuanzia Agosti 1898 akaandika mfululizo wa makala katika gazeti la La Petite République, akionyesha kwa subira jinsi ushahidi ulivyoghushiwa. Kabla ya mwezi ule kwisha, Kanali Henry alikiri kughushi hati moja kubwa, akafa akiwa kizuizini. Hoja ya Jaurès ilikuwa ya kwamba mtu aliyedhulumiwa kiasi kile amekwisha vuliwa tabaka lake: hakubaki ofisa wala tajiri, amebaki mwanadamu. Jules Guesde na wafuasi wake waliona ya kwamba Jaurès anawapoteza njia wafanyakazi. Mwaka 1906 mahakama kuu ilimtangaza Dreyfus kuwa hana hatia.

Miaka zaidi ya 100 ilipita, na swali lile likavuka bahari likabisha hodi katika chama cha Labour cha Uingereza. Chama hicho, kilichozaliwa mwaka 1900, kwa miaka mingi kilikuwa kimbilio la Wayahudi maskini wa mashariki ya London. Katika mitaa hiyo hiyo, Oktoba 1936, Wayahudi na wafanyakazi wa bandari walisimama bega kwa bega katika Cable Street kuuzuia msafara wa Mafashisti wa Oswald Mosley. Kwa sababu hiyo malalamiko yaliyozuka baada ya mwaka 2015 yalikuwa kama ugomvi wa ndugu: uchungu wake ulikuwa sawa na mapenzi yaliyotangulia.

Septemba 2015 Jeremy Corbyn alichaguliwa kuwa kiongozi, na wanachama wakaongezeka hata kupita 500,000. Wengi walikutana kwanza katika mitandao ya intaneti kabla ya kukutana katika matawi. Mitandao iliwapa sauti watu waliokuwa hawasikilizwi. Lakini pia iliwarudishia picha za kale zikiwa na rangi mpya. Mtu hupokea picha kwa mwenziwe, akaipitisha kwa imani tu, pasipo kuitazama. Mwaka 2012 mchoro ulichorwa ukutani mashariki ya London: wazee wenye mali, baadhi yao wenye pua kubwa za vikaragosi vya zamani, wanacheza mchezo wa fedha juu ya migongo ya watu walioinama. Mchoraji alisema amechora mabepari; watazamaji wengi waliwaona ni Wayahudi wa Toussenel waliofufuka. Habari za kuondolewa kwake zilipotangazwa, Corbyn aliandika katika Facebook akihoji sababu. Jambo hilo lilipoibuliwa tena Machi 2018, alisema anajuta kutoutazama mchoro ule kwa makini, na Wayahudi wakakusanyika mbele ya Bunge kuonyesha uchovu wao.

Miaka miwili kabla ya hapo, wanachama wawili walikuwa wamekwisha onyesha njia mbili za kujibu shutuma. Aprili 2016 zilifichuliwa habari alizosambaza mbunge Naz Shah katika Facebook mwaka 2014, kabla hajaingia Bungeni. Yeye alikiri kosa, akaomba radhi mbele ya Bunge, kisha akawaendea Wayahudi ili ajifunze kwao. Ken Livingstone, aliyekuwa Meya wa London, alijitokeza kumtetea. Alisema kelele zile zilikuwa njama ya kumchafua, akaingiza na jina la Hitler katika mabishano. Hivyo mshtakiwa alikubali kosa, na mtetezi wake akalikana. Livingstone alisimamishwa, na mwaka 2018 akajiondoa chamani.

Chama chenyewe kilisitasita. Uchunguzi wa Shami Chakrabarti wa mwaka 2016 ulisema ya kwamba chama hakikutawaliwa na chuki, ingawa mara nyingine hewa yake ilikuwa na sumu. Mwaka 2018 mabishano yakawa juu ya kukubali tafsiri ya kimataifa ya chuki dhidi ya Wayahudi, kwani wengine walihofu itawaziba midomo watetezi wa Wapalestina. Februari 2019 mbunge Myahudi Luciana Berger alitoka chamani pamoja na wenzake sita. Mwisho Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa kisheria, ikatoa taarifa tarehe 29 Oktoba 2020. Katika majalada 70 ya malalamiko iliyoyachunguza, iligundua mara 23 za kuingiliwa isivyopasa na ofisi ya kiongozi na wengine. Iliona pia ya kwamba kuyaita malalamiko ya Wayahudi kuwa uzushi ni namna mojawapo ya kuwanyanyasa. Hata hivyo ilitamka wazi ya kwamba kuikosoa serikali ya Israeli ni haki. Mpaka huvukwa pale Myahudi wa mtaani anapodaiwa ajibu matendo ya dola.

Corbyn alisema siku ile ya kwamba ukubwa wa tatizo ulitiwa chumvi mno na wapinzani wake, naye akasimamishwa uanachama siku hiyo hiyo. Dai lake halikukosa msingi wote. Taarifa ya Martin Forde ya mwaka 2022 ilionyesha ya kwamba makundi yote mawili ya chamani yaliitumia chuki hii kama silaha ya kupigania madaraka, na wanachama weusi waliona ubaguzi dhidi yao hauhesabiwi uzito ule ule. Lakini ukweli uliookotwa na adui ili uwe rungu haugeuki uongo kwa sababu ya mkono ulioushika. Hapo ndipo mwaka 1898 na mwaka 2020 hukutana. Majenerali waovu na matajiri wabinafsi walikuwako kweli, na wapinzani wenye hila walikuwako kweli. Na mwanachama Myahudi aliyetukanwa alikuwako pia, akingoja mtu wa kumwuliza kilichompata.

Jaurès hakuacha ujamaa alipomtetea Dreyfus, wala Naz Shah hakuacha kuwatetea Wapalestina alipoomba radhi. Walichoacha ni ile desturi ya kumwuliza mlalamikaji ni nani aliyemtuma, kabla ya kumwuliza ameumizwa wapi.