Mohatra, Neno la Hila katika Kihispania

Kihispania kina maneno mengi ya uongo: mentira ni uongo wa kila siku, urithi wa Kilatini, embuste ni uzushi uliopambwa, na trampa ni mtego hasa, ule wa kunasia wanyama, ambao baadaye ukawa pia jina la ulaghai wa mchezoni na sokoni. Hayo nayapita, kwa kuwa lipo moja ambalo sisi, tunaosema hatari na hila kila uchao, tunalazimika kutua na kulitazama, nalo ni mohatra.

Waislamu waliokuwako Hispania tangu mwaka 711, na ambao dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492, ndio walioliacha. Asili yake ni mukhatara ya Kiarabu, mzizi mmoja na hatari yetu. Mohatra yenyewe ni mkataba wa namna hii: tuseme mtu ana dhiki ya fedha, na tajiri anajua kwamba riba ni haramu kwa padri kama ilivyo haramu kwa kadhi: humwuzia jora la kitambaa kwa dukati 120, malipo baada ya mwaka, kisha, wino haujakauka, hulinunua jora lile lile kwa dukati 100 taslimu. Mwenye dhiki hutoka na fedha mkononi na deni shingoni, na jora, masikini, halikushuka rafuni.

Mafakihi wa Kiislamu waliijua biashara hii kwa jina la ina. Imamu Malik, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyotawala Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, aliikataza. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa mwambao twamfuata, aliuhukumu mkataba kwa dhahiri yake, akauona sahihi. Wakristo nao hawakusalimika na mzozo huo, kwani mwaka 1656 Pascal wa Ufaransa aliwafanyia dhihaka wanachuoni wa Kijesuiti waliouhalalisha mkataba huo, na mwaka 1679 Papa Innocent wa XI akaulaani waziwazi. Wahispania, kwa ufundi wao wa kejeli, wakamwita caballero de mohatra yule ajifanyaye muungwana na si muungwana.

Mohatra leo haisikiki ila kamusini. Lakini zalamero, yaani mtu wa kubembeleza kwa maneno matamu ili apate lake, lingali hai vinywani mwao, na asili yake ni salamu.