Kilwa Kivinje: Habari za Mji Zilizosalia katika Picha na Vitu

Wasomaji wa habari za pwani yetu wanaijua sana Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuusifu mji. Majumba yake, kama Husuni Kubwa, yalichimbuliwa na kuelezwa na Neville Chittick, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Na tangu mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini iko Kilwa ya pili ambayo haikupata bahati hiyo, nayo ni Kilwa Kivinje, mji wa pwani ya bara, mwendo wa kilomita thelathini hivi kaskazini ya kisiwa. Jina lake, kwa kadiri lisikikavyo, latokana na mvinje, mti ule mrefu wenye majani kama sindano upendao mchanga wa ufukoni. Mji huu si wa masultani wa kale. Ulikua katika karne ya 18 na ya 19, wakati nguvu za Kisiwani zilipokuwa zikififia. Sultani wa mwisho wa Kisiwani aliondolewa katika miaka ya 1840 na watu wa Seyyid Said, akapelekwa uhamishoni Maskati. Toka hapo biashara yote ya upande ule ilipita Kivinje.

Nia ya makala haya ni kuutazama mji huo kwa njia ya picha zilizopigwa zamani na vitu vilivyosalia, na kuuliza: picha hizo zatuambia nini, zatuficha nini, na lugha yetu ina kazi gani katika kuzisoma?

Mji wenyewe

Kivinje ulikuwa mji wa mpakani. Hapa sisemi mpaka wa dola na dola, bali mpaka wa bahari na bara. Njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao iliishia hapo, na jahazi zilizokwenda Unguja zilianzia hapo. Bidhaa zilizoshuka ni pembe za ndovu, sandarusi, nta, na baadaye mpira. Zilizopanda ni nguo, shanga, shaba, bunduki na baruti. Tena, hatuna budi kulisema wazi, bidhaa kubwa ya mji huu kwa muda mrefu ilikuwa wanadamu. Hapana bandari iliyopeleka watumwa wengi Unguja kuishinda Kilwa. Wageni waliokwenda bara walianzia hapo pia: Mjerumani Albrecht Roscher aliondoka Kilwa mwaka 1859 pamoja na msafara wa wafanyabiashara, akafika Ziwa Nyasa, na mwaka uliofuata akauawa karibu na ziwa hilo.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukomesha kuwachukua kwa njia ya bahari. Biashara haikufa siku ile, iligeuza njia. Misafara ilianza kutembea kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikifuata pwani. Frederic Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza, aliyepita njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzo wa 1874, alihesabu katika muda wa mwezi mmoja watumwa zaidi ya 4,000 waliopitishwa. Mwaka 1876 Barghash aliipiga marufuku njia hiyo nayo.

Habari hizi twazijua kwa hesabu na barua. Hesabu ya Elton ni ushahidi mkubwa, lakini ni hesabu tu. Hata mmoja katika watu wale elfu nne hatumjui kwa jina. Tutaliona jambo hili tena tukifika katika picha.

Picha

Picha za kamera za pwani ya kusini zilizidi sana baada ya Wadachi kuitwaa nchi. Nyingi zimehifadhiwa mbali na mahali zilipopigwa. Ziko katika mkusanyo wa iliyokuwa Jumuiya ya Makoloni ya Ujerumani, ambao sasa umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Ziko katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani, ambamo mna kazi za mpiga picha Walther Dobbertin. Na ziko Marekani, katika mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki.

Msomaji akizitazama picha za miji ya pwani za wakati ule ataona kuwa mambo yale yale hurudiwa: boma, bendera, njia iliyofagiliwa, askari wamepanga safu, soko, mnazi. Tusidhani kwamba mji ulikuwa hivyo tu. Kamera ya siku zile ilikuwa kubwa, ikisimamishwa juu ya miguu mitatu, na sura zikishikwa juu ya kioo. Mwenye kuileta alikuwa ama mtumishi wa serikali, ama mgeni wake, ama mfanyabiashara aliyetaka kuuza kadi za posta kwa Wazungu. Basi alisimama pale aliporuhusiwa kusimama, akapiga kilichompendeza au kilichompa fahari bwana wake. Vita haikupigwa picha. Kilichopigwa ni matokeo yake, yaani wafungwa waliotiwa minyororo shingoni, wamesimamishwa mstari mmoja, na mlinzi kando yao.

Nalo andiko la chini ya picha ni kitu cha kuangaliwa. Mara nyingi ni maneno mawili au matatu: "wapagazi," "soko," "wafungwa," na jina la mji. Mzungu akiwamo, jina lake huandikwa na cheo chake. Mwafrika huandikwa kazi yake. Kwa hiyo picha, ingawa yaonyesha uso wa mtu wazi kuliko maandishi yoyote, yaweza kumpoteza mtu huyo kama hesabu ya Elton ilivyowapoteza wale elfu nne.

Vitu

Tutoke katika picha twende kwa vitu. Kivinje kwenyewe kuna nyumba za mawe, nyingine zimebomoka nusu, zenye baraza na milango ya kuchongwa, zilizojengwa na Waarabu, Wahindi na Waswahili wenye mali. Liko boma la Wadachi karibu na ufuko. Ufuko wenyewe ni ushahidi: maji ni machache, na bahari ikipwa tope hutokeza mbali. Jahazi ziliweza kukaa juu ya tope zikingoja maji kujaa. Meli kubwa hazikuweza, zikatia nanga mbali sana. Hapo twapata sababu moja ya mji kudhoofika, ambayo mpiga picha aliyesimama ufukoni wakati wa maji kujaa hakuionyesha. Katika utawala wa Waingereza makao ya wilaya yalihamishiwa Kilwa Masoko, penye kina cha maji kilicho bora.

Kisha kuna nguzo za ukumbusho, nazo zina maneno mengi kuliko urefu wake. Moja ni ya Wadachi wawili, Krieger na Hessel, watumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, waliouawa Kivinje mwezi wa Septemba 1888, watu wa pwani walipoinuka kuikataa kampuni hiyo. Wissmann aliurudisha mji kwa mizinga mwezi wa Mei 1890, na siku chache baadaye akaitwaa Lindi na Mikindani. Waliouawa upande mmoja ni wawili, na majina yao yamechongwa katika jiwe. Waliouawa upande wa pili siku za mizinga hawakuchongewa jiwe.

Mahali pengine panaitwa Mwembe Kinyonga. Hapo, wasema wenyeji, ndipo Wadachi walipowanyonga watu waliowapinga. Mashuhuri kati yao ni Hassan bin Omari, aitwaye Makunganya, aliyepigana nao kwa miaka, akaushambulia mji wa Kivinje mwaka 1894, akashikwa na kunyongwa pamoja na wenziwe mwezi wa Novemba 1895. Miaka kumi baadaye ilikuja Vita ya Maji Maji, iliyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita ikiwa bado changa. Hesabu za waliokufa katika vita ile na njaa iliyofuata hutofautiana, toka 75,000 mpaka 300,000.

Majina

Napenda kukaa kidogo juu ya jina hilo la Mwembe Kinyonga, maana lahusu kazi ya jarida hili. Mgeni anayelisikia aweza kudhani kwamba ni mwembe wa kinyonga, mnyama yule abadiliye rangi. Kumbe ni mwembe ulionyonga watu. Jina hili halikuandikwa na serikali katika ramani kwa ajili ya kumbukumbu. Lilitoka vinywani mwa watu. Katika maneno mawili limehifadhi mti, kitendo na hukumu ya wenyeji juu ya kitendo hicho. Mtu atakayeona picha ya mwembe katika mji wa pwani, na chini yake pameandikwa "mti wa maembe," hatapata kitu. Akiwa na jina, picha hiyo hiyo yageuka kuwa hati.

Ndivyo yalivyo maneno mengine. Ngome ya Kisiwani huitwa Gereza. Wataalamu wengi husema neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na leo kwetu ni mahali pa kufungia watu. Historia ya karne kadhaa imelala ndani ya neno moja. Anayekusanya vigae vya sahani za Kichina na pesa za shaba za masultani wa Kilwa anafanya vema. Pesa hizo zimepatikana hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, ambako tano ziliokotwa mwaka 1944. Lakini maneno nayo ni vigae, na huokotwa juu ya ardhi hiyo hiyo.

Tena tuna maandishi. Habari za kale za Kilwa zimo katika hati ya Kiarabu iliyonakiliwa mwaka 1877, ambayo sasa iko London. Vita ya Maji Maji ilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957 chini ya uhariri wa Whiteley. Mtunzi hakukubaliana na waasi katika kila jambo, na msomaji lazima alijue hilo. Walakini ametaja watu kwa majina na mahali kwa majina, mambo ambayo kamera haikuyajali.

Mfano wa Tendaguru

Huenda msomaji akasema kuwa majina yamekwisha kupotea na kazi hii haina faida. Nitamjibu kwa mfano wa jirani. Kutoka mwaka 1909 mpaka 1913 wataalamu wa Berlin walichimba mifupa ya wanyama wa kale sana katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, kisha kwa meli mpaka Ujerumani. Mnyama mmoja alisimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Maji Maji, na nchi ilikuwa bado na makovu ya njaa.

Picha za kazi ile ni nyingi: mashimo, vibanda, safu za wapagazi. Wengi waliomo hawana majina. Lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, aliandikwa jina, akapigwa picha akiwa kando ya mifupa aliyoifukua. Kwa sababu jina lake liliandikwa, watu wa baadaye waliweza kumtambua kuwa fundi na mjuzi, si mkono tu wa kuchimbia. Na mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa kwa jina la kitaalamu Australodocus bohetii kwa heshima yake. Boheti hakuwa na uso ulio wazi zaidi kuliko wenziwe pichani. Tofauti yake nao ni neno moja lililoandikwa.

Kazi iliyobaki

Zamani kidogo kazi ya namna hii ilianzwa. Katika miaka ya 1960 G. C. K. Gwassa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kwa wazee wa Umatumbi na kwingineko, wakaandika habari za Maji Maji kwa maneno ya wazee wenyewe. Waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa bado hai. Leo hawapo, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na majina ya mitaa, visima, miti na nyumba yangali yanatumika. Mwezi wa Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa. Radhi ni jambo kubwa; lakini mwenye kuombwa radhi apaswa kutajwa ni nani.

Kwa hiyo natoa shauri la kazi, si la maneno matupu. Nakala za picha za Kivinje na Lindi zilizoko ng'ambo zirudishwe, hata kama ni nakala tu, zipelekwe katika mji zilikopigwa na kuwekwa mbele ya watu barazani. Kila wanalosema juu ya mahali, nyumba au mtu liandikwe katika Kiswahili chao cha Kilwa, bila kulisanifisha, pamoja na jina la msemaji kama akikubali, na shaka zake pia ziandikwe. Picha isiyotambuliwa iachwe bila jina kuliko kupewa jina la kubuni. Na nyumba za mawe zipigwe picha sasa, mlango kwa mlango, maana kila masika huangusha ukuta mmoja. Huenda katika picha mia moja tutapata majina matano. Hayo matano yaandikwe chini ya picha, mahali ambapo kwa miaka zaidi ya mia pameandikwa "wapagazi."